Dhima ya Mwenye Kusikia

Wanafalsafa wa Kiyunani, na baada yao wanazuoni wa Kiarabu walioipokea hekima yao na kuitungia sherehe, walimpambanua mwanadamu na viumbe wengine kwa sifa moja, nayo ni kwamba yeye ni mnyama anenaye. Na kwa kuwa katika maelezo hayo kunena na kufikiri vilifungwa fundo moja, ikazuka shaka ambayo imewaelemea baadhi ya waja wa Mungu kwa zaidi ya miaka elfu mbili: yule aliyezaliwa asisikie, ambaye kwa sababu hiyo ulimi wake haukupata mwalimu, je, akili yake ni timamu kama ya wenzake, au utu wake una kasoro? Aristotle aliandika kwamba katika milango ya fahamu sikio ndilo lichangialo zaidi katika elimu, kwa kuwa maneno hupitia humo, na akahukumu kwamba aliyezaliwa kipofu humpita kwa busara aliyezaliwa kiziwi na bubu. Mwalimu wake, Plato, alikuwa amekwisha kutaja katika Cratylus, kwa kinywa cha Sokrates, kwamba lau watu wasingalikuwa na sauti wala ulimi wangaliashiriana mambo kwa mikono, kwa kichwa na kwa kiwiliwili kizima, kama wafanyavyo mabubu. Lakini ulimwengu, kwa hasara yake, ulimfuata mwanafunzi ukamwacha mwalimu. Katika karne ya 6 sheria ya Kirumi, kama ilivyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian, ilimzuia aliyezaliwa kiziwi na bubu hata kuusia mali yake mwenyewe.

Swali hili nalileta tena kwa sababu halikuzikwa pamoja na Kaisari, bali limehamia mahali pa kazi, ambako watu wazima hutumia saa nyingi za uhai wao na ambako riziki na heshima hupimwa. Meneja, ofisa utumishi au mwenye kiwanda aliyemwajiri kiziwi, akiombwa alipie mkalimani wa lugha ya alama siku ya kikao, au awape wafanyakazi wake siku moja ya mafunzo ya kuufahamu uziwi, aghalabu huitika au hukataa kwa moyo wa mtu anayeombwa sadaka: akitoa hushukuriwa, asipotoa halaumiwi. Itikadi yangu ni kwamba moyo huo umepotea njia, kwamba kinachodaiwa hapo ni deni, na kwamba mdaiwa ni yeye mwenye kusikia.

Vitabu vya dini zetu, ukivisoma kwa utulivu, havikusimama upande wa Aristotle. Nabii Zakaria, ambaye habari yake imo katika Kurani na katika Injili vilevile, alifungwa kinywa baada ya kubashiriwa mwana katika uzee wake. Na Kurani yasimulia kwamba alitoka mihrabuni akawaashiria watu wake wamtukuze Mola asubuhi na jioni. Amri ya ibada, basi, ambayo ni katika mambo mazito kuliko yote yawezayo kuamriwa, ilifika kwa ishara bila ya sauti, wala hatusomi kwamba yuko aliyesema haimlazimu kwa kuwa hakuisikia. Bi Maryamu, aliposhutumiwa na jamaa zake hali ameweka nadhiri ya kutosema na mtu, alijitetea kwa kumwashiria mtoto. Na katika Injili ya Marko, Yesu alipoletewa kiziwi mwenye utasi wa ulimi, kwanza alimtenga na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni, na baada ya hayo ndipo aliponena. Wahubiri hukawia katika muujiza, nao wana haki ya kukawia; mimi hukawia katika adabu iliyoutangulia, kwa maana kila tendo katika hayo lilikuwa la kuonekana au la kuguswa, lililofanywa mbele ya macho ya mtu ambaye sauti ingempita bila kumfikia. Alijulishwa litakalotendeka kabla halijatendeka, na alijulishwa kwa njia aliyoweza kuipokea.

Huenda nikajibiwa kwamba maandiko hayohayo yamewataja viziwi kwa lawama, na kuwafanya mfano wa wale walioipa haki kisogo. Ni kweli, lakini wanaolaumiwa pale ni watu wenye masikio mazima waliokataa kuyatumia. Sijaona andiko linalomlaumu mtu kwa sikio ambalo Muumba hakulifungua, na Torati imekataza waziwazi kumlaani kiziwi.

Hata hivyo, walioliendea jambo hili kwa mizani iliyo sawa zaidi walikuwa mafakihi, watu waliozoea kuamua nani ameuza, nani ameoa na nani amekiri. Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu wamekidurusu kizazi baada ya kizazi, ameeleza kwamba ishara ya bubu huzingatiwa katika kufunga mikataba na katika kuifungua; kisha akaongeza upambanuzi ambao naomba msomaji autulie: ishara yake ya talaka ikiwa yafahamika kwa kila mtu, basi ni sarihi, yaani huhesabiwa kauli ya wazi, na ikiwa hawaifahamu ila wenye wepesi wa kutambua, basi ni kinaya, yaani kauli isiyojitosheleza mpaka nia iithibitishe. Karne sita baadaye waandishi wa Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, waliweka katika kanuni ya 70 kwamba ishara za bubu zinazojulikana zina hukumu moja na ubainifu wa ulimi. Mahali ambapo Justinian alimnyima aliyezaliwa kiziwi na bubu wasia wake, fikihi ilimpa mkono wake uwe ulimi.

Lakini tazama kilichomo ndani ya upambanuzi wa Nawawi. Mtu mmoja, kwa mkono uleule, akifanya ishara ileile kwa nia ileile, kauli yake yaweza kuwa ya wazi katika mji huu na ya kufichika katika mji wa pili. Wala hakuna kilichogeuka katika akili yake, katika kusudi lake, wala katika ustadi wa vidole vyake. Kilichogeuka ni elimu ya wanaomtazama. Uwazi wa neno la kiziwi, kwa hiyo, si sifa yake peke yake wala upungufu wake si wake peke yake. Ni jambo linalokaa baina ya watu wawili, na mmoja wao, yule mwenye kusikia, ndiye aliye na uwezo mkubwa zaidi wa kulitengeneza, kwa kuwa macho anayo na mikono anayo, ila kiziwi hawezi kujipa sikio kwa kujitahidi. Penye uwezo ndipo taklifu, yaani wajibu, inapokaa. Mafunzo ya kazini ambayo watu huyadhani kuwa ni adabu za ziada ni hayo hasa: ni kuitoa ishara ya mwenzetu katika kinaya na kuitia katika sarihi.

Kwamba hili lawezekana, historia imelitolea ushahidi. Katika kasri la masultani wa Uthmaniya, ambako ukimya mbele ya mtawala ulihesabiwa kuwa taadhima, walikuwapo watumishi viziwi, na lugha yao ya mikono ikaenea mpaka kwa wenye kusikia na kwa baadhi ya masultani wenyewe, wakaitumia katika kazi za kila siku. Na katika kisiwa cha Martha's Vineyard, upande wa mashariki wa Marekani, uziwi wa kurithi ulienea kwa zaidi ya karne mbili kiasi kwamba wakazi wengi, wenye kusikia na wasiosikia, walikua wakiijua lugha ya alama. Wavuvi waliitumia kuongea kutoka chombo hadi chombo pale sauti isipoweza kuvuka maji. Mwanaelimu Nora Ellen Groce, ambaye alichapisha utafiti wake mwaka 1985, aliwauliza wazee wa kisiwa habari za watu wawili wa zamani, akaambiwa kwamba walikuwa wavuvi hodari. Na alipouliza kama hawakuwa viziwi pia, mzee aliyekuwa akimjibu ilimbidi afikiri kwanza ndipo akumbuke kuwa kweli walikuwa hivyo. Natamani kila mwajiri aifikirie habari hiyo kwa kituo. Masikio ya wavuvi wale yalikuwa kama ya viziwi wa mahali pengine popote, wala hapakuwa na tabibu aliyeyatibu. Ila upungufu ulikuwa umeondoka, na ulipoondoka, kazi ya mtu ndiyo iliyobaki kuwa jina lake.

Ushahidi wa kinyume nao upo, na ni mchungu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote wakiwa watu wenye kusikia, wakaazimia kwamba kusema kwa midomo ni bora kuliko ishara na kwamba ishara ziondolewe katika mafunzo. Matokeo yake ni kuwa katika nchi nyingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao madarasani, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Ilichukua miaka 80 mpaka William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet huko Washington, kuonyesha mwaka 1960 kwamba ishara za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha kamili, zimejengwa kwa umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake, kama neno la kinywa lijengwavyo kwa sauti. Na mpaka 2010 ndipo mkutano wa walimu wa viziwi, uliofanyika Vancouver, ulipoyakataa rasmi maazimio ya Milan. Miaka 130 ilipita kwa ajili ya kosa ambalo Plato angeweza kulisahihisha kwa ukurasa mmoja.

Katika nchi zetu sheria hazikukaa kimya. Katiba ya Uganda ya 1995 ilitaja uendelezaji wa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na Tanzania, kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awaajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Haya ni mema, nami nayasifu. Lakini sheria yaweza kuhesabu vichwa vilivyoingia mlangoni, na kiziwi akishaingia na kuhesabiwa, ndipo unapoanza upweke ambao hesabu haiuoni: kikao cha asubuhi ambacho dondoo zake hupewa kwa karatasi nusu siku baadaye, tangazo la hatari lililotolewa kwa king'ora, kicheko cha mezani saa ya chakula ambacho akiuliza sababu yake huambiwa kwamba si kitu, ataelezwa baadaye.

Nimeshuhudia mafunzo ya uelewa huu jijini Dar es Salaam, katika chumba cha mikutano cha ofisi ya kawaida, na mkufunzi alikuwa kiziwi. Alianza kwa kuwakabili wanasemina, akatamka neno moja kwa midomo bila ya kutoa sauti, akawaashiria waandike walichokiona. Mmoja aliandika baba, wa pili mama, wa tatu papa. Wakabishana, na kila mmoja alikuwa na yakini, kwa maana maneno hayo matatu juu ya midomo ni kitu kimoja hasa, na tofauti yao imo puani na kooni ambako jicho haliingii. Kisha akasogea akasimama mbele ya dirisha, jua likiwa nyuma yake, akatamka tena. Na sasa hapakuwa hata na midomo ya kubishania, uso wote umekuwa kivuli. Wale waliokuwa wamezoea kumwambia mwenzao kiziwi kwamba awatazame tu midomoni atafahamu, waliinamia karatasi zao. Hapakuhitajika hotuba. Yaliyofuata walikuwa tayari kuyapokea: kwamba mwangaza uangukie usoni pa msemaji, kwamba kiziwi huitwa kwa kuguswa begani kwa upole, au kwa kupunga mkono, au kwa kuzima na kuwasha taa, kwamba aseme mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwamba kikaratasi si jawabu la kila jambo, kwa sababu lugha ya alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, ina sarufi yake, na kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili waliyoipata kwa taabu, pengine wakiwa wamechelewa kuingia shule.

Kuhusu mkalimani watu wana dhana nyingi zenye kudhuru. Wako wamwonao kuwa mlezi wa kiziwi, wakamwelekezea yeye macho na maneno, wakisema, mwambie hivi, muulize vile, huku mwenye shauri ameketi palepale. Hali mkalimani husema mimi pale kiziwi anaposema mimi, kwa kuwa kauli si yake, ameazimwa tu. Huketi karibu na msemaji ili macho ya kiziwi yasikimbizane huku na huku. Katika kikao kirefu huhitajika wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30, kwa maana akili ya kufasiri huchoka kabla ya mkono, na ikichoka maana ndiyo inayodondoka. Hutunza siri kama atunzavyo tabibu. Mtoto wa mfanyakazi, au mwenzake wa ofisini ajuaye alama chache za salamu, hawezi kushika nafasi hiyo pale penye jambo la haki na wajibu.

Fauka ya hayo yote, mkalimani ameitwa kwa ajili ya nani? Husemwa kwamba ni wa kiziwi, na bili yake huandikwa kama gharama ya kiziwi. Lakini katika chumba chenye watu kumi na kiziwi mmoja, wasioijua lugha ya mwenzao ni kumi. Yeye mmoja haelewi wasemayo, nao wote kumi hawaelewi asemayo. Taa za ofisini huwashwa na mwajiri kwa ajili ya wenye macho, na kipofu hazihitaji, wala hajatokea mtu kuwaambia wenye macho kwamba wamefanyiwa hisani na washukuru. Mkalimani huwaangaza wote waliomo chumbani, na wanaofaidika kwa wingi ni wale wenye kusikia.

Hapa ndipo tofauti ya haki na hisani inapokuwa na uzito. Kurani imeamrisha uadilifu na wema pamoja, na wanazuoni wamevipambanua: uadilifu ni kumpa mtu kilicho chake, na wema ni kumzidishia katika kilicho chako. Hisani yaweza kungoja nafasi na moyo mkunjufu, haki haingoji. Najua hoja ya mwenye karakana ndogo, ambaye malipo ya wakalimani wawili kwa siku moja yanamzidi faida ya siku hiyo, nami siidharau, kwa kuwa Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na wakalimani katika nchi yetu ni wachache mno. Lakini fikihi inalo fungu la fardhi ya kifaya, ambayo wakiitimiza baadhi huwaondokea wote, na isipotimizwa na yeyote dhambi ni ya wote. Kuwapata wakalimani wa kutosha, kuwasomesha na kuwalipa, ni fardhi ya namna hiyo juu ya serikali, vyuo, vyama vya waajiri na nyumba za ibada. Aliye mdogo hubeba sehemu yake, naye aliye mkubwa hana udhuru.

Wala sisemi kwamba hisani haina pahala. Mkalimani haji saa ya chakula. Hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu ajifunze kusema habari za asubuhi kwa mikono, au amweleze mwenzake kichekesho wakati wengine wangali wanacheka, na hayo ndiyo yanayomfanya mtu arudi kazini kesho yake kwa furaha. Iringa ipo karakana ya ufundi iitwayo Neema, chini ya Kanisa la Anglikana, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa mikono. Baadaye ikafungua mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mgeni akiingia pale humbidi aandike atakacho au ajifunze ishara zake palepale mezani, naye hugundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba katika nyumba ile asiyejua lugha ni yeye. Watu hutoka pale wakiwa wamejifunza ishara mbili tatu, na wengi wao hawakuwa wameomba kufundishwa.

Lakini hisani isitumiwe kuifunika haki, na jambo moja lanikera kuliko mengine yote. Mfanyakazi wa ghala ambaye ni kiziwi anatuhumiwa upotevu wa mali. Anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Maswali yanaulizwa kwa midomo na majibu yake yanakisiwa. Mwisho anasukumiwa barua na kalamu, na kwa kuwa ameona nyuso zenye haraka na kidole kinachoonyesha mstari, anatia sahihi. Siku ya pili ofisi inasema alikiri. Alikiri nini, na kwa lugha gani? Sheria zote nizijuazo, za dini na za dola, hujenga ukiri juu ya ridhaa, na ridhaa juu ya kufahamu. Nawawi, katika mizani ya karne ya 13, asingeipokea hata ishara yake mwenyewe mtu huyo bila ya kuuliza kama walioitazama waliielewa. Nasi katika karne ya 21 twaipokea sahihi yake juu ya karatasi ambayo hakuielewa yeye. Ukiri uliopatikana bila ya mkalimani si ukiri, barua hiyo ni batili, na kikao kile lazima kirudiwe.